Bastola za muundo wa AR: gesi ya moja kwa moja, pistoni au bolti nzito? Uzoefu wangu

Naishi Texas na kulenga shabaha ndio mchezo wangu wa wikendi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitumia bastola za muundo wa bunduki, zile zenye mwili wa AR-15 na mtutu mfupi, zisizo na kitako. Nawaandikia ndugu zangu mlio Marekani, kwenye majimbo yanayoruhusu silaha hizi. Dukani utaulizwa unataka darubini gani na rangi gani. Ni wauzaji wachache watakaokueleza jinsi silaha inavyotumia gesi ya baruti kujipakia risasi inayofuata, na hilo ndilo litakaloamua kama itatulia mkononi.

Ya kwanza niliyokaa nayo muda mrefu ni ya risasi za 5.56 mm, yenye mtutu wa inchi 10.5 na mfumo wa gesi ya moja kwa moja kwa namna aliyoibuni Eugene Stoner, msanifu wa AR, miaka ya 1950. Risasi ikipita kwenye tundu la gesi lililo kwenye mtutu, sehemu ya gesi hurudi kwa bomba jembamba hadi ndani ya kibeba bolti, chuma kinachobeba bolti inayofunga nyuma ya mtutu, na kukisukuma nyuma. Hakuna pistoni ndefu inayogonga juu ya mtutu, na vyombo vyote vinatembea kwenye mstari mmoja na mtutu. Ndiyo maana AR hairushi mdomo juu sana, na mimi bado sijapata kitu kinachonifanya niuache mfumo huu kwa 5.56.

Lakini ufupi wa mtutu una gharama. M16, bunduki ya jeshi la Marekani ya muundo huu, ilizaliwa na mtutu wa inchi 20, na tundu la gesi lilikuwa mbali na chemba ambamo risasi hukaa, mahali ambapo shinikizo limeshashuka. Ukikata mtutu, tundu husogea nyuma, gesi inaingia ikiwa na nguvu nyingi mno, na muda wa kuisukuma bolti kabla risasi haijatoka nao ni mfupi. Watengenezaji hulipanua tundu ili silaha ifanye kazi hata na risasi dhaifu. Bastola yangu ilikuwa hivyo: ilipiga teke kali kuliko inavyostahili risasi ndogo kama 5.56, na maganda yaliruka kuelekea mbele. Ukiona maganda yanaelekea mbele, mara nyingi gesi imezidi. Yakianguka kulia na nyuma kidogo, uko pazuri.

Dawa ilikuwa bafa, yule mzigo unaokaa na springi ndani ya bomba la nyuma. Bafa ya kawaida ina uzito wa takribani gramu 85, na ile inayoitwa H2 inakaribia gramu 130. Niliweka H2 na silaha ikabadilika tabia. Bolti ilichelewa kufunguka, teke likawa msukumo laini, na nukta nyekundu ya darubini ikarudi kwenye shabaha haraka. Ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na silaha yenyewe, na ningemshauri mtu akijaribu kabla ya kununua kitu kingine chochote. Usikimbilie bafa nzito kupita zote, maana bolti ikikosa nguvu ya kurudi hadi mwisho, haitachukua risasi inayofuata.

Chini ya inchi 10 kwa 5.56 mimi sishauri. Nimetumia ya inchi 7.5 ya rafiki: moto mdomoni, kishindo kinachochosha hata ukiwa na vifaa vya masikio, na kasi ya risasi imepungua mno. Kwa mtutu mfupi namna hiyo chukua risasi aina ya .300 Blackout, iliyosanifiwa rasmi mwaka 2011. Baruti yake huungua karibu yote ndani ya inchi 9.

Hapo ndipo pistoni fupi, inayosukumwa na gesi na kukigonga kibeba bolti, inapopata heshima yangu. SIG MCX Rattler ina mtutu wa inchi 5.5, na springi zake mbili ziko juu ya kibeba bolti, kwa hiyo haihitaji bomba la nyuma na inakunjika kabisa. Gesi na masizi hubaki mbele, na ukifunga kiwambo cha sauti hutapuliziwa moshi machoni kama kwenye AR ya kawaida. Teke lake nalihisi kali na la ghafla zaidi, na bei ni kubwa. Ila zile AR za kawaida zilizobadilishwa kuwa za pistoni sizipendi. Pistoni inasukuma sehemu ya juu ya kibeba bolti, nacho huinama na kukwaruza mdomo wa bomba la bafa.

Draco ya Romania, ambayo ni AK fupi, ina pistoni ndefu iliyoungana na kibeba bolti. Inakula risasi yoyote, lakini uzito wote ule ukienda na kurudi unaihamisha shabaha yako.

Kwa 9mm kuna mtego. AR nyingi za 9mm hazitumii mfumo wa gesi kabisa, ni za bolti nzito: bolti haijifungi, inazuiwa na uzito wake na springi tu. Matokeo yake, risasi ndogo ya bastola inakupiga bega kuliko 5.56. SIG MPX inatumia gesi na bolti inayojifunga, na tofauti utaihisi kuanzia risasi ya kwanza. HK SP5, ndugu wa bunduki ndogo ya polisi MP5, huichelewesha bolti kwa roli, na katika zote nilizoshika hiyo ndiyo laini kupita zote.

Neno la sheria. Bunduki yenye kitako na mtutu chini ya inchi 16 inasajiliwa chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, na ndiyo sababu watu hununua bastola zenye breisi ya mkono, kishikizo cha nyuma kinachofungwa mkononi badala ya kitako. Kanuni ya 2023 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kuhusu breisi ilifutwa na mahakama ya shirikisho ya Texas mwaka 2024. Tangu Januari 1, 2026 kodi ya dola 200 ya kusajili bunduki hizo fupi imekuwa sifuri, ingawa usajili unabaki. Kwa anayeanza leo ningesema sajili, weka kitako halisi, kisha tumia kile ulichookoa kununua bafa ya H2 na risasi za mazoezi.