Fundi wa intaneti aliyeuliza kama kuna mwanaume ndani

Sina kawaida ya kuandika maoni kuhusu kampuni za watu, ila hili la juzi juzi limenikaa kooni. Nina faiba hapa Tabata, nalipia kila mwezi kabla haijakatwa. Nina PS4, ile mashine ya gemu, na Jumamosi usiku nacheza mpira na mdogo wangu aliyeko Mwanza. Ndiyo namna yetu ya kuonana. Ghafla tukawa hatukutani: nikimwalika inazunguka weee mpaka inakata, na tukijaribu kuongea kwenye maikrofoni hanisikii. Filamu zinacheza vizuri tu. Mpira hapana.

Nikapima mtandao kwenye mipangilio ya PS4. Kila mstari umefanikiwa, isipokuwa pale kwenye NAT, yaani namna ruta inavyokuunganisha na wengine huko nje: aina ya 3. Wanaocheza wanajua, hiyo ndiyo mbaya. Ukiwa na 2 kwa kawaida unacheza bila shida. Nikatoa Wi-Fi nikachomeka waya, nikabadili DNS (inayotafuta anwani za tovuti) kuwa 8.8.8.8 ya Google, nikawasha UPnP kwenye ruta, ile inayolifungulia gemu milango yenyewe. Ile 3 haikubanduka. Huduma kwa wateja wakanijibu eti ni mkongo wa baharini. Mwezi wa tano 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, nchi nzima ilijua, kila kitu kilisuasua. Safari hii filamu zangu zilikuwa nzima.

Basi akaja fundi. Salamu hakuna, viatu mpaka kwenye zulia, mama yangu amekaa pale pale anamtazama. Neno lake la kwanza: "Kwani hakuna mwanaume humu ndani nimwelekeze?"

Nikamwambia, kaka, nielekeze mimi, intaneti nalipia mimi na gemu nacheza mimi. Akacheka. "Dada, hiyo ni michezo ya watoto, mtandao wako mzima." Akapima spidi kwenye simu yake, akanionyesha skrini. Nikamweleza habari ya NAT, akasema PS4 imechoka, ninunue nyingine. Ninunue nyingine! Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa ruta kwenye laptop, nikamwonyesha anwani ya mtandao (IP) ambayo ruta imepewa na kampuni, inaanza na 100.72. Hakutazama. Alikuwa anakunja waya wake, kisha akanipa karatasi nisaini kwamba tatizo limetatuliwa. Sikusaini.

Na jibu lote lilikuwa pale kwenye ile laptop. Anwani za 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa maalumu kwa kampuni zinazowabana wateja wengi nyuma ya IP moja ya umma, yaani ile inayofikika moja kwa moja kutoka nje. Ni kama nyumba ya wapangaji yenye geti moja: wewe kutoka unatoka, ila mgeni akija kugonga haijulikani aelekezwe chumba gani. Filamu unaifuata mwenyewe, ndiyo maana haina shida. Gemu la watu wawili linataka na yule wa upande wa pili aweze kukufikia. Ungefungua milango yote ya ruta yako, geti la kampuni liko mbele yako bado.

Nikaenda ofisini kwao nikiwa nimeshaamua kusitisha mkataba. Dirishani nikamkuta binti mmoja, Mungu ambariki. Sikumaliza hata sentensi, akaniuliza, "Dada, unataka IP ya umma?" Akanijazia fomu, akaniambia kuna nyongeza kidogo kila mwezi, na akakiri kwamba wateja wa eneo letu walihamishwa hivi karibuni kwenda kwenye hiyo IP ya pamoja. Hakuna aliyetutumia hata meseji! Jioni nikazima ruta na kuiwasha, nikapima: aina ya 2. Mdogo wangu akapokea mwaliko papo hapo, nikamsikia anapiga kelele, "Dada, nakusikia!"

Siku ile ningewapa nyota nne. Mtandao wenyewe ni mzuri kweli, hata mvua ikinyesha haukati. Lakini kila nikiandika hapa namkumbuka yule kijana kwenye zulia la mama, na hasira inanirudia. Kumtoza mteja kwa kitu alichokuwa nacho tangu mwanzo nalo si sawa. Nawapa mbili, na zote ni za yule binti wa dirishani.

Wenye PS4 wenzangu, mkiona anwani inaanza na 100 namna hiyo msisumbuke na DNS, nendeni moja kwa moja mkaombe IP ya umma. Mimi mwezi huu nimelipia tena. Ila ofisini nimewaambia wazi, fundi yule asikanyage kwangu.