Waranti ya nyongeza kwenye gari la kifahari lililotumika: imenilipa, lakini sitaihuisha

Nianze na jibu, kwa ajili ya asiye na muda wa kusoma yote. Waranti ya nyongeza, yaani mkataba wa kulipiwa matengenezo gari likiharibika, niliyoinunua pamoja na sedani yangu kubwa ya Kijerumani imerudisha fedha yake na ikazidi. Mimi ni mhasibu, risiti za gari hili ninazo zote, na hesabu haina utata. Hata hivyo simwambii kila mtu akanunue. Kilichonilipa ni aina ya mkataba niliouchagua, na aina ya gari nililoliwekea mkataba huo. Ukibadilisha kimoja kati ya hivyo viwili, hesabu inageuka.

Tuanze na gari. Gari la kifahari likishatumika miaka kadhaa, thamani yake hushuka kwa kasi, lakini bei ya spea haishuki nayo. Kompresa ya springi za hewa, yaani pampu inayozijaza, haijui kama umelinunua gari likiwa jipya au mkono wa nne. Ndiyo maana mtu anaweza kununua sedani ya tajiri kwa bei ya gari dogo jipya, kisha akaletewa ankara ya tajiri yule yule. Pengo hilo ndilo linalouza waranti, na pengo lenyewe ni la kweli.

Springi za hewa ndizo mfano ninaoujua kwa karibu. Mercedes-Benz iliingiza mfumo wake wa AIRMATIC kwenye S-Class ya kizazi cha W220 mwaka 1998, na tangu hapo karibu kila kampuni ya magari ya hadhi ina mfumo wa namna hiyo. Badala ya springi ya chuma, gari hubebwa na mfuko wa mpira uliojazwa hewa. Mpira huo hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapopanda na kushuka, na baada ya miaka hupasuka pale pale kwenye mkunjo. Huo ni umri tu. Gari likitunzwa vizuri kiasi gani, mpira utazeeka.

Langu lilianza kwa kulala upande mmoja asubuhi. Mbele kulia palishuka hadi tairi likaingia chini ya bodi, na nilipowasha injini gari liliinuka taratibu kama kawaida. Fundi alichanganya maji na sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia, akapuliza kwenye mkunjo wa mpira. Povu likaanza kutoka, punje kwa punje, mahali ambapo kwa macho matupu hapakuwa na ufa wowote. Kisha akaniambia nisikilize. Kompresa ilikuwa ikiunguruma bila kupumzika, na ukiisogezea mkono ulisikia joto. Ilikuwa imefanya kazi ya kujaza mfuko unaovuja kwa muda usiojulikana, nayo ikawa imechoka.

Hapo ndipo waranti ilipopimwa. Kampuni ya waranti haikubishana kuhusu shokapu ya hewa, ile yenye mfuko uliopasuka. Kuhusu kompresa ilikataa, ikisema imeungua kwa sababu gari liliendelea kuendeshwa likiwa bovu. Nikafungua mkataba. Kipengele kilisema kwamba sehemu iliyoharibika kutokana na kuharibika kwa sehemu nyingine inayolindwa, nayo inalindwa, mradi mwenye gari hakupuuza onyo. Taa ya onyo kwenye dashibodi haikuwa imewaka. Gereji ikatoa taarifa ya kompyuta ya gari yenye misimbo ya hitilafu na kilomita ilipojitokeza kwa mara ya kwanza, ikaambatanisha na picha za povu. Wakalipa. Shokapu na kompresa peke yake zilikaribia kufikia nilichotoa kwa mkataba mzima, na skrini ya katikati ilipokufa baadaye, ikavuka.

Sasa nije kwenye mikataba, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Iko ya namna mbili. Wa kwanza huorodhesha sehemu zinazolindwa: injini, giaboksi, difu, na kadhalika. Kisichoandikwa, hakimo. Wa pili huorodhesha visivyolindwa, na kila kilichobaki kimo. Kwenye brosha yote miwili huitwa ulinzi kamili. Kwenye gari lenye moduli za kompyuta kwa makumi, milango inayojivuta yenyewe na viti vyenye mota nyingi kuliko gari zima la zamani, orodha ya kwanza haiwezi kukutosha, kwa sababu hakuna atakayekaa kukuandikia moduli zote hizo. Mimi nilidai wa pili, na nikadai kuusoma kabla ya kusaini. Muuzaji alisema nitaupokea baada ya malipo. Nikamwambia basi malipo nayo yatasubiri, na waraka ukapatikana siku ile ile.

Hata mkataba mzuri una mashimo yake. Wangu haulindi gasketi na sili, yaani vizuizi vya uvujaji kwenye maungio, kama kinachovuja ni hizo zenyewe. Gasketi ya kifuniko cha valvu ilipoanza kutoa oili, nililipa mwenyewe, na sina kinyongo kwa kuwa iliandikwa wazi. Ila jueni kwamba uvujaji wa oili ni ugonjwa wa kawaida wa injini zenye joto kali za tabo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi. Chukua N63, injini ya V8 ya BMW iliyotoka 2008: tabo zake mbili zimekaa katikati ya mabega ya V, kati ya safu mbili za silinda, joto likazingirwa humo humo, na kila mpira na plastiki iliyo jirani hukauka mapema. Kwa injini ya namna hiyo, mkataba usiolinda sili umeacha nje sehemu kubwa ya safari zako za gereji.

Saa za fundi nazo ziangalieni. Kampuni nyingi hulipa kwa kiwango chao cha saa, na gereji rasmi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Saa za kutafuta tatizo hulipwa tu kama kilichopatikana kinalindwa. Ikibidi injini au giaboksi ifunguliwe ili ionekane, wewe ndiwe unayeidhinisha, na wakikataa dai baada ya kufungua, umebaki na vyuma mezani na ankara mkononi. Kiasi unachochangia kila dai kiulizwe pia: ni kwa kila safari ya gereji, au kwa kila sehemu? Safari moja ikihusisha sehemu tatu, majibu hayo mawili yako mbali sana. Na kuna ukomo wa jumla, mara nyingi thamani ya gari lenyewe, thamani ambayo kila mwaka inashuka.

Kumbukumbu za sevisi ndizo zinazoangusha madai mengi, na hapa watengenezaji wenyewe wanachangia. Magari mengi yenye 8HP, giaboksi otomatiki ya gia nane ya kampuni ya ZF, yameuzwa kwa maelezo kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha, ilhali ZF yenyewe hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Nilibadilisha, nikatunza risiti yenye kilomita na namba ya chasisi. Mkataba haukunilazimisha. Lakini giaboksi ikigoma, sitaki mtu wa upande wa pili wa simu aniulize oili ilibadilishwa lini nami nikakosa karatasi ya kumtumia.

Kwa watu wengi waranti hizi hazilipi, na lisemwe wazi. Utafiti wa Consumer Reports, jarida la Marekani la kutetea wanunuzi, uliochapishwa 2014 na kuhusisha wamiliki zaidi ya 12,000, ulikuta 55% ya walionunua hawakuwahi kuitumia hata kwa tengenezo moja. Hao walikuwa na magari ya kila aina, mengi yakiwa ya kawaida. Upande wa pili yuko Doug DeMuro, mwandishi wa magari wa huko huko Marekani, aliyenunua Range Rover ya 2006 ikiwa na waranti ndefu, na matengenezo yaliyolipiwa yakazidi bei ya waranti hiyo mara kadhaa. Sioni mgongano kati ya habari hizo mbili. Kampuni hupanga bei kwa wastani wa magari mengi, na wewe una gari moja. Ukiwa na Lexus ES 350, yenye springi za chuma na injini isiyo na tabo, uko upande wa wale 55% na ningekushauri ubaki na fedha yako. Ukiwa na SUV kubwa inayokaa juu ya hewa, yenye V8 ya tabo mbili, uko upande wa DeMuro.

Jambo ambalo ningelichunguza hata kabla ya bei ni nani anayelipa. Aliyekuuzia mara nyingi ni wakala tu. Tafuta kwenye mkataba jina la kampuni ya bima inayosimama nyuma, na kama hakuna, achana nao. Julai 2024 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba CarShield, muuzaji mkubwa wa mikataba hii, italipa dola milioni 10 kumaliza madai kwamba matangazo yake yaliwapotosha wateja kuhusu matengenezo yanayolindwa na uhuru wa kuchagua gereji. Matangazo hayo yalikuwa na nyuso maarufu. Uso maarufu hausaini hundi ya giaboksi yako.

Mkataba wangu unakaribia kuisha na nimeshaletewa wa kuuhuisha. Bei imepanda, hilo nililitarajia kwa gari lenye kilomita hizi. Nisilokubali ni kwamba mpya ni wa ile namna ya kwanza, wa kuorodhesha vinavyolindwa. Kompresa imo, mifuko ya hewa haimo. Tabo imo, mabomba yake ya oili na ya maji hayamo. Skrini imetoweka kabisa. Nilipiga simu kuuliza kama naweza kulipa zaidi nipewe masharti ya zamani, nikaambiwa gari limevuka umri. Basi fedha ile nimeiweka kwenye akaunti yake peke yake, na tengenezo la kwanza litakalotoka humo nimeshalipanga: mifuko miwili ya nyuma, ambayo ina umri sawa na ule wa mbele uliopasuka, ibadilishwe kabla haijaanza kuitesa kompresa mpya.