Diski ya nje, File History na Thunderbird: uzoefu wangu kwenye ofisi ndogo Dodoma

Nianze na hukumu kwa asiye na muda wa kusoma hadi mwisho. Diski ya nje ya 2 TB, File History, huduma ya kunakili mafaili iliyomo ndani ya Windows, na programu ya Thunderbird kwa upande wa barua pepe: mpango huu unatosha kabisa kwa ofisi ndogo ya hapa Dodoma, iwe stesheneri ya jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ofisi ya wakili Area D au chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Naupa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu File History haigusi barua pepe za Thunderbird, na haikuambii kwamba haizigusi. Watu wanagundua siku kompyuta imekufa.

Wa kwanza kuniuliza huwa ni yule anayesema "si uweke tu kwenye wingu", yaani kuhifadhi mtandaoni. Tupige hesabu. GB 100 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 ni saa 44 mfululizo, umeme usikatike na bando lisiishe. Mzigo uleule kwenye diski iliyochomekwa porti ya USB 3.0, kwa MB 110 kwa sekunde, ni robo saa. Wingu nalitumia kwa vitu vichache vizito kwa thamani na vyepesi kwa ukubwa: leja, mikataba, orodha ya mishahara. Hivyo vinaingia kwenye GB 15 za bure za Google bila shida, mradi ukumbuke kuwa hizo GB 15 zinagawanwa na Gmail, Drive na Photos kwa pamoja.

Kwenye kununua diski, usishtuke ukichomeka ya 2 TB na Windows ikakuonyesha 1.81. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Wizi wa kweli uko kwenye flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa "2 TB". Ndani yake kuna chipu ya GB chache iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Inapokea mafaili bila kulalamika, ikijaa inaanza kuandika juu ya yale ya mwanzo, na majina ya mafaili unayaona yote yamekaa vizuri. Programu ya bure ya H2testw inaumbua huo mchezo: inajaza kifaa chote kisha inasoma tena ilichoandika. Kwa diski ya 2 TB zoezi hilo linachukua zaidi ya saa kumi, kwa hiyo liache usiku kucha kwenye laptopu yenye betri nzima.

Diski ndogo za inchi 2.5 hazina adapta yake, zinakula umeme wa porti. Porti ya USB 2.0 inatoa mA 500, ya 3.0 inatoa mA 900. Kwenye kompyuta za mezani za zamani, porti za mbele ya boksi mara nyingi ni dhaifu: diski inatoa mlio wa tik, tik, inaonekana, inapotea. Watu wanaitangaza imekufa. Hamishia porti za nyuma, zilizokaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta wenyewe, na tumia kebo fupi iliyokuja nayo. Kichwa kile kipana cha Micro-B ndicho cha kwanza kulegea, hasa kikikaa na vumbi letu hili la kiangazi. Kipulize kabla ya kuchomeka, na usiinue diski kwa kuvuta waya.

Ifomati kwa NTFS, mojawapo ya mifumo ya kupanga mafaili kwenye diski; FAT32 na exFAT ni mingine. FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na faili la Inbox la mtu wa barua nyingi linapita hapo mapema. exFAT inapokea, lakini haina kumbukumbu ya ndani ya kujirekebisha umeme ukikatika katikati ya kuandika, NTFS inayo. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, radi zikianza hiyo tofauti utaiona. Kama ofisi ina Mac, ujue itasoma NTFS lakini haitaandika.

File History yenyewe kuiwasha ni kazi ndogo. Kwenye Windows 11 imefichwa Control Panel tu. Chagua diski, bonyeza "Turn on", halafu ingia "Advanced settings". Kwa kawaida inanakili kila saa na inahifadhi matoleo yote milele. Hilo la milele badilisha uweke "Until space is needed", la sivyo diski itajaa na kazi itasimama. Inachukua Desktop, Documents, Pictures na ndugu zake basi. Mwenye folda ya kazi kule D:\ ajue haimo. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, "Show more options", kisha "Include in library", ndipo itaingia.

Ninachokipenda ni matoleo. Mtu akiharibu bajeti na kuihifadhi, unabofya faili kitufe cha kulia, "Restore previous versions", unachagua ya asubuhi. Ukifungua diski moja kwa moja utaona majina kama haya:

bajeti (2025_03_11 08_15_22 UTC).xlsx

Hiyo 08_15 isikuchanganye. Ni saa ya UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo nakala hiyo ni ya saa tano na robo asubuhi. Nimeona mtu akirudisha toleo baya kwa kudhani ni lile la saa mbili na robo, kabla mhasibu hajaanza kuchezea.

Diski isikae imechomekwa siku nzima. Kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia kinafunga kila kinachoonekana, na diski ya bakapu inaonekana. Umeme ukirudi kwa kishindo nao haubagui. Ichomeke, acha inakili, iondoe kwa "Eject", iweke kabatini. Ya pili ikae mtaa mwingine kabisa: ofisi ikiwa Mtumba, diski ikae nyumbani Kisasa au Nkuhungu. File History inafanya kazi na diski moja kwa wakati mmoja, hiyo ya pili utaijaza kwa njia nitakayoonyesha hapa chini. Na diski inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa BitLocker, kufuli la nywila la Windows. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ya wagonjwa au wanafunzi si kitu cha kusahau kwenye daladala. Kuifunga kunahitaji Windows Pro, kuifungua hata Home inaweza. Ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 uchapishe, usiuhifadhi ndani ya diski hiyohiyo.

Sasa barua pepe, ambako ndiko maumivu yalipo.

Wengi wanaona barua zao kwenye simu na kwenye kompyuta, wanaamini tayari kuna nakala mbili. Hapana. IMAP, njia ya kusoma barua zikibaki kwenye seva (kompyuta ya mtoa huduma), ni kioo: ukifuta kwenye simu, kompyuta nayo inafuta. Gmail inakaa na kilichofutwa kwa siku 30 kisha kinakwenda. POP nayo ina kasoro yake. Inashusha barua kwenye kompyuta na inaweza kuziondoa kwenye seva, mara nyingi baada ya siku 14, ndiyo maana bosi analalamika simu yake haina barua za mwezi uliopita. Kwenye mipangilio ya akaunti tafuta "Leave messages on server" na uondoe kikomo cha siku.

Utaratibu wangu ni IMAP kwa kazi ya kila siku, na nakala ya mwaka uliokwisha kwenye "Local Folders" za Thunderbird, folda zinazokaa kwenye kompyuta yako tu. Mipangilio ya Gmail: kupokea imap.gmail.com porti 993, kutuma smtp.gmail.com porti 465, uthibitisho OAuth2 (kuingia kupitia dirisha la Google). Dirisha la kuingia likibaki jeupe au likirudi mwanzo kila mara, kuki (vifaili vidogo vya kumbukumbu ya tovuti) zimezimwa ndani ya Thunderbird, ziruhusu. Unda folda "Barua 2024" chini ya Local Folders, kisha nakili, usihamishe. Zima intaneti na fungua barua kadhaa zenye viambatisho ndani ya folda hiyo mpya. Zikifunguka zikiwa nzima, ndipo ufute zile za kwenye seva.

Barua hizo zinakaa AppData, folda iliyofichwa ambayo File History haiendi. Fungua Notepad, andika mstari huu wa robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafolda, uhifadhi kama barua.bat:

robocopy "%APPDATA%\Thunderbird" "X:\Barua\A" /E /XJ /R:2 /W:5 /LOG:"X:\Barua\ripoti.txt"

Funga Thunderbird kwanza, la sivyo faili linalotumika litagoma. Herufi X ipangie diski ndani ya Disk Management, kwa sababu Windows ikiachiwa leo inaiita E, kesho F. Hizo /R:2 /W:5 usiziache: bila kuziandika robocopy inajaribu faili lililogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imeganda. Utaona watu wanashauri /MIR. Mimi siishauri kwa barua, kwa kuwa inafuta kwenye diski kila kisichopo tena kwenye kompyuta. Badala yake, wiki hii nakili kwenda A, wiki ijayo kwenda B. Inbox ikiharibika bila wewe kujua, nakala mbovu itakuwa imelala juu ya moja tu. Mstari huohuo, ukibadilisha njia ya mwanzo iwe folda ya kazi na ya pili iwe folda yake kwenye diski hiyo, ndio unaojaza diski ya pili.

Faili hilo la Inbox halina kiambishi, na pembeni yake lipo dogo lenye .msf. Dogo ni faharasa tu. Barua zikionekana zimepotea au zimechanganyika vichwa, bofya folda kitufe cha kulia, "Properties", "Repair Folder": faharasa inajengwa upya na barua zinarudi. Barua zilizofutwa hubaki ndani ya faili kubwa mpaka ufanye "Compact". Usilifanye hilo kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, hilo ndilo faili litakaloumia. Wa Outlook nao wana PST, faili linalotunza barua zao: kuanzia toleo la 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50, na likiugua, dawa ni programu ya scanpst.exe, ila ulifanyie nakala kwanza.

Matatizo mengine ya kila siku nayamaliza haraka. "Sipokei barua toka juzi": angalia nafasi kabla ya kulaumu mtandao. GB 15 zikijaa, Gmail haipokei wala haitumi. Andika has:attachment larger:10M kwenye kisanduku cha kutafuta, futa mizigo ambayo tayari umeinakili, kisha safisha na Trash, maana nayo inahesabiwa.

Barua imekwama Outbox: kiambatisho. Kikomo cha Gmail ni MB 25, lakini faili likisafirishwa kwa barua pepe linavimba kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kwenye Thunderbird skani ya MB 20 inaweza kugoma. Punguza skani iwe 200 dpi (nukta kwa inchi) kwa rangi ya kijivu; hati ya kurasa kumi itashuka sana na mhuri bado utasomeka.

Onyo la cheti cha usalama kila unapofungua barua: tazama saa ya kompyuta. Betri ya CR2032 kwenye ubao imekwisha, umeme ukikatika kompyuta inarudi miaka ya nyuma na vyeti vyote vinaonekana batili. Volti 3, kubadilisha ni dakika tano. Wapo waliofuta na kusakinisha Windows upya kwa ajili ya hiyo betri!

Nywila ni sahihi lakini programu ya zamani inakataa: Google ilifunga njia hiyo ya kuingia kwa nywila ya kawaida mwaka 2022. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nywila ya programu yenye herufi 16.

Ofisi zenye anwani ya .co.tz zikirudishiwa barua na msimbo 550-5.7.26 kila zinapoandikia Gmail, kasoro haipo kwenye kompyuta. Rekodi za SPF na DKIM za kikoa (jina lenu la mtandaoni), zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenu, hazipo au zina makosa, na tangu Februari 2024 Google imekaza hapo. Mpelekee anayewahifadhia kikoa ujumbe wote uliorudi, usimkatie kipande. Mstari wenye msimbo ndio anaouhitaji.

Mwisho ni laini ya simu. Hatua mbili zikitegemea SMS na laini ikapotea, umefungiwa nje hadi uisajili upya. Google inatoa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumika mara moja. Ichapishe, ikae kabatini pamoja na diski.