Volvo V50 ya mkononi: uzoefu wangu hapa Tanga

Kila anayeiona gari hii hapa Tanga ananiuliza swali moja: spea unapata wapi? Sichukii, kwa sababu swali hilo ndilo lililoishusha bei mpaka mimi nikaweza kuinunua. Mwenyewe, mzee mmoja wa Raskazone, alikuwa ameitangaza kwa muda mrefu. Wanunuzi walikuja, wakasifia viti vya ngozi, kisha wakaenda kutafuta Toyota IST. Mwishowe bei ikafika palepale pa IST yenye usajili wa namba D, nami nilikuwa nataka gari lenye buti refu kwa mizigo ya duka, ila liwe na utulivu safarini.

Yangu ni ya injini 2.4, silinda tano, haina tabo, giaboksi otomatiki ya gia tano. V50 zilitengenezwa Ghent, Ubelgiji, kuanzia 2004 hadi 2012, kwa hiyo zote zimeshavuka miaka kumi. Kuagiza Japani sikuwaza kabisa: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10% kwa sababu injini imezidi cc 2,000, tozo ya uchakavu, halafu VAT 18% inapigwa juu ya vyote hivyo. Afadhali lililokwishalipiwa na mwenzio.

Kukagua nilikwenda na fundi wa Mazda. Wengine walinicheka, lakini huko chini V50 ni ndugu wa Mazda Axela ya kwanza na Ford Focus ya wakati ule. Volvo ilikuwa mali ya Ford, na magari yote matatu yalijengwa juu ya msingi mmoja. Miguu yake haikumshangaza fundi hata kidogo. Kazi ilikuwa kwenye injini. Aliiwasha, akafungua kifuniko cha kutilia oili, akavisha mdomo ule glavu ya hospitali. Glavu ikinyonywa ndani kidogo, salama. Yetu ilivimba, vidole vyote vitano vikasimama.

"Dada, hapa pameziba," akasema kwa sauti ya kutosha mzee asikie.

Kinachoziba ni kiboksi cha plastiki kinachotenganisha oili na mvuke wake. Ukikiacha hivyo, presha inatafuta njia kwenye sili, na ikiisukuma sili ya nyuma ya kranki, giaboksi lazima ishushwe. Hapo ndipo hela inapoteketea. Tulipomweleza mzee, alipunguza tena bila ubishi mwingi. Belti ya taimingi nayo hakuwa na risiti yake, tukaihesabu kuwa haijawahi kubadilishwa, maana ikikatika kwenye injini hii vali zinagonga pistoni. Vyote viwili nilivibadilisha kabla sijaanza kulitumia gari.

Makaratasi hayakuwa na shida. Niliangalia faini za trafiki kwa namba ya gari, mkataba ukasainiwa kwa wakili, kadi ikabadilishwa jina TRA.

Sasa hilo swali la spea. Giaboksi ni ya Aisin, Wajapani, na oili yake ni ya kiwango kilekile cha Toyota T-IV, ambayo duka la spea za Toyota linaijua. Mwanzoni ilikuwa inashtuka kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Baada ya kumwaga na kujaza oili mpya imelainika, ingawa asubuhi ikiwa baridi bado inajikwaa. Mauntini ya juu, ile inayoshikilia injini, ilikuwa imepasuka, gari likisimama kwenye foleni linatetemeka mpaka kwenye usukani. Hiyo Tanga sikuipata, ilikuja na basi kutoka Dar. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba spea zipo, ila usiishi kwa kutegemea kwamba gari litatengenezwa leoleo. Ile hela niliyookoa kwenye bei nimeiweka pembeni kwa ajili yake.

Barabarani ndipo ninapomsamehe Msweden huyu kila kitu. Tanga mpaka Segera, na kuendelea hadi Dar, unashuka mgongo haukuumi. Kupanda Lushoto kutoka Mombo injini haihemi. Mafuta inakula: mjini napata kama kilomita 8 kwa lita, safari ndefu 11. Na iko chini mno. Barabara ya kwenda Amani nimeshakataa kuipeleka, bampa halitapona.

Buti lina lita 417, ukilaza viti zinafika 1,307. Kwa vitambaa vyangu na machungwa ya Muheza linatosha, lakini sehemu ya nyuma imeinamishwa kwa ajili ya urembo, na kwa anayetaka kubeba tu, Toyota Probox inaishinda.

Kwa anayebadilisha gari kila baada ya mwaka simshauri, kwa sababu atakaa na tangazo kama alivyokaa yule mzee. Mimi nakaa nayo. Naipa nyota nne. Ya tano imebaki kwenye matuta ya Amani.