Msumeno wa mnyororo: upi ununue kwanza, upi usiuguse kabisa

Anayeingia dukani kununua msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, kwa kawaida huulizwa maswali mawili: ana fedha kiasi gani, na anataka injini ya ukubwa gani. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo litakalomfaa siku ambayo ncha ya msumeno itagusa tawi asiloliona na chombo kizima kikamrukia usoni. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unazipanga aina za misumeno kwa kigezo kingine: chombo hufanya nini kinaporuka, na mtu ambaye si mkata miti wa kazi ana nafasi gani ya kukidhibiti. Nguvu na kasi ya kukata nimeziweka nyuma kwa makusudi.

Ni lazima kwanza mruko wenyewe ueleweke, kwa kuwa bila hivyo mnunuzi hawezi kujua analipia nini. Mnyororo huzunguka juu ya bapa refu la chuma ambalo mafundi huliita baa. Upande wa juu wa bapa mnyororo huenda mbele, kwenye ncha hugeuka, na upande wa chini hurudi kuelekea kwa mtumiaji. Eneo la hatari ni robo ya juu ya ncha, mahali ambapo meno huwa ndiyo kwanza yanaanza kushuka. Yakikwama hapo kwenye gogo, nguvu iliyokusudiwa kukata mti hugeuka na kulisukuma bapa juu na nyuma, kwa mzunguko unaoishia shingoni, begani au kichwani mwa aliyeshika msumeno. Upo pia mruko wa kubanwa, ambapo mti hufunga ufa na kuubana mnyororo upande wa juu wa bapa, na msumeno husukumwa moja kwa moja kumwelekea mtumiaji. Mruko wa ncha ndio wa kutisha zaidi, kwa sababu humalizika kabla mtu hajatambua kwamba umeanza. Mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde hupitisha meno ya urefu wa mita 2 katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani karibu mizunguko miwili ya mnyororo mzima wa bapa la sentimita 35. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuuwahi.

Basi kinachopaswa kuuwahi ni breki ya mnyororo, na hapa ndipo ukaguzi wa dukani uanzie. Breki nzuri hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, kikinga kilicho mbele ya mkono wa kushoto husukumwa na kifundo cha mkono msumeno unapoinuka. Pili, uzito wa kikinga chenyewe hukifanya kijisukume kutokana na ule mshtuko wa ghafla, hata kama mkono haukukigusa. Njia hii ya pili ndiyo ya muhimu zaidi, kwa sababu mtu anapokata mti kwa mlalo mkono wake wa kushoto huwa umeshika ubavu wa kishikio, na msumeno ukiruka kifundo chake hakitakigonga kikinga hata kidogo. Muuzaji akikuambia kwamba msumeno una breki, muulize kama inajifunga yenyewe kwa mshtuko. Viwango vya kimataifa vinataka mnyororo usimame kwa wastani usiozidi sekunde 0.12, na hata breki inayotimiza sharti hilo hupunguza jeraha tu. Haiwezi kuahidi kwamba meno hayatakufikia.

Baada ya breki, tazama ncha na mnyororo. Bapa lenye ncha nyembamba lina eneo dogo la hatari kuliko bapa lenye ncha pana ya mviringo, na tofauti hiyo huonekana kwa macho ukiyaweka mabapa mawili sambamba. Mnyororo wa mruko mdogo una viungo vyenye nundu zinazojaza nafasi iliyo mbele ya kila jino, hivyo jino haliwezi kuuma kipande kikubwa cha mti kwa mara moja linapopita kwenye ncha. Umbo la jino nalo lina maana: jino lenye kona kali ya mraba hukata upesi lakini huruka zaidi na hufa upesi likigusa mchanga, ilhali jino lenye kona ya duara ni pole kidogo na hustahimili uchafu. Meno tunayoyatumia leo yanatokana na wazo la Mmarekani Joseph Cox, ambaye katika miaka ya 1940 alimtazama kiluwiluwi wa mbawakawa akitafuna kuni kushoto na kulia kwa zamu, akatengeneza mnyororo unaofanya vivyo hivyo. Wauzaji husifu kona kali kwa kuwa ndiyo inayowavutia wateja. Mnunuzi wa kwanza asiitake.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa msumeno wa betri wenye bapa la sentimita 30 hadi 35, breki inayojifunga kwa mshtuko na mnyororo wa mruko mdogo. Bapa fupi humwezesha mtu kujua wakati wote ncha yake iko wapi, na anayejua ncha iko wapi ameshaepuka sehemu kubwa ya hatari. Msumeno huu hauna kamba ya kuvuta, kwa hiyo huondoa tabia mbaya ya kuwasha chombo kikiwa kinaning'inia hewani. Pia mnyororo husimama kila unapoachia triga, na mlio wake mdogo hukuruhusu kumsikia anayekuita. Una kasoro mbili ambazo muuzaji hatazitaja. Ukimya wake humfanya mtu asahau kwamba anashika meno yale yale, na kwa kuwa huwaka kwa mguso mmoja, betri ni lazima itolewe kila unapokaza mnyororo au kuunoa. Ukinunua, chukua betri mbili, kwa sababu mtu anayeharakisha kazi ili betri isimwishie hukata vibaya.

Nafasi ya pili ni msumeno wa petroli wenye injini ya sentimita za ujazo 35 hadi 45 na bapa lisilozidi sentimita 40. Huu unamfaa mwenye shamba ambaye kazi yake iko mbali na umeme na hudumu siku nzima. Hata hivyo, ongeza moshi, mtetemo unaochosha vidole, kelele inayopita desibeli 100 na mchanganyiko wa petroli na oili unaopaswa kupimwa kwa usahihi. Hakikisha mnyororo hauzunguki injini inapounguruma bila triga kubonyezwa, na kwamba triga haibonyezeki mpaka kifungio kilicho juu ya kishikio cha nyuma kishikwe na kiganja. Lipo kosa la kawaida hapa: mtu hununua injini ndogo kisha huomba afungiwe bapa refu ili aonekane ana msumeno mkubwa. Mnyororo hupungua kasi, ncha huwa mbali na macho, na hatari huongezeka bila faida yoyote ya ukataji.

Msumeno wa mpini mrefu ninauweka wa tatu, ingawa kwa mtu ambaye anapogoa tu ningeupandisha uwe wa kwanza. Unakata matawi ya juu huku miguu ikiwa ardhini, na ncha iko mbali na uso. Hatari yake iko kwingine: tawi linaloanguka, na nyaya za umeme. Usisimame chini ya tawi unalolikata, na usiupeleke mpini karibu na waya hata kama umeandikwa kwamba haupitishi umeme.

Msumeno wa umeme wa waya ni wa nne. Ni mwepesi na unafaa kukata kuni karibu na nyumba, mradi soketi iwe na swichi inayokata umeme unapovuja, lakini waya wenyewe hukwaza miguu na unaweza kuishia chini ya mnyororo.

Nafasi ya tano nimesita kuipa misumeno midogo ya betri ya kushikwa kwa mkono mmoja, yenye bapa la takriban sentimita 15. Imeenea kwa sababu ni rahisi na inaonekana kama kifaa cha kuchezea. Mingi haina breki ya mnyororo kabisa, na kwa kuwa hushikwa kwa mkono mmoja, mkono wa pili huwa umelishika tawi lile lile linalokatwa. Mruko wake hauna nguvu ya msumeno mkubwa, lakini vidole havihitaji nguvu kubwa ili vikatike. Anayetaka kitu cha ukubwa huo afikirie msumeno wa mkono wa kupogolea, ambao hukata tawi la unene wa kifundo cha mkono kwa muda mfupi na hauruki.

Aina mbili ziko nje ya orodha. Msumeno wa petroli wa sentimita za ujazo 60 na zaidi, wenye bapa la nusu mita, ni wa mtu aliyefundishwa kuangusha miti minene. Msumeno wenye kishikio juu ya injini, nao, umetengenezwa kwa wapanda miti wenye kamba na mafunzo. Udogo na wepesi wake humdanganya mnunuzi wa kawaida, lakini vishikio vyake viwili vimekaribiana mno kiasi kwamba mruko ukija mikono haina nguvu ya kuuzuia.

Fedha za mavazi zitengwe kabla ya kuchagua msumeno, maana zikibaki za mwisho huwa hazibaki. Suruali ya kinga ina tabaka za nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huzivuta, zikaziba gia na kuusimamisha. Kiwango cha ISO 11393 huzipanga kwa kasi ya mnyororo: daraja la 1 ni mita 20 kwa sekunde, la 2 ni mita 24 na la 3 ni mita 28. Aina A hukinga mbele tu na ni nyepesi, ilhali aina C huzunguka mguu wote. Nyuzi hizo hazina uhakika ule ule dhidi ya misumeno ya umeme na betri, ambayo mota yake huendelea kusukuma hata mnyororo unapozibwa, hivyo mwenye betri asijione salama kuliko alivyo. Tena, suruali haikingi shingo. Ongeza helmeti yenye wavu wa uso na vizibo vya masikio, glavu, na buti zenye chuma kwenye vidole. Suruali iliyokwisha kukatwa na mnyororo haishonwi, hutupwa.

Msumeno uliotumika unaweza kuwa ununuzi mzuri ukikaguliwa bila haya. Uweke chini, uwashe, uushike kwa mikono miwili huku vidole gumba vikizunguka vishikio, bonyeza triga, kisha sukuma kikinga kwa kifundo cha mkono wa kushoto bila kuachia kishikio: mnyororo usimame papo hapo. Zima, kisha tazama kidaka mnyororo chini ya mwili wa msumeno, ambacho hulinda mkono wa kulia mnyororo unapokatika. Mara nyingi huwa kimevunjika na hakikurudishwa. Pima pia kipande kifupi kilicho mbele ya kila jino, kile kinachoamua jino liume kwa kina gani. Kwa minyororo mingi hutakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa takriban milimita 0.65, na mmiliki aliyekipiga tupa kupita hapo ili msumeno wake uume zaidi ameutengeneza uruke. Mnyororo huo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Breki isiyoshika ni habari nyingine, na muuzaji anayesema kwamba yeye amekata nayo miaka yote bila tatizo abaki na msumeno wake.