Choo cha ndani kwa mbwa mdogo: kipi ununue, kipi uache

Mbwa huchagua mahali pa kujisaidia kwa nyayo na pua. Akishazoea kukanyaga kitu fulani wakati wa haja, atakitafuta popote. Kwa hiyo unayeishi ghorofani, kabla ya kuuliza bei tazama sakafu yako: nunua kitu kisichofanana na chochote ulichotandika ndani.

Cha kwanza ni beseni la vidonge vya karatasi au vya mbao iliyoshindiliwa, kwa sababu hakuna zulia linalofanana navyo. Urefu wa beseni uwe mara moja na nusu ya mbwa, kuanzia pua hadi shina la mkia. Likiwa fupi hawezi kugeuka, na mkojo utaishia nje hata kama miguu yake iko ndani. Kimo cha mdomo wa kuingilia, kutoka sakafuni, kisizidi sentimita 8. Kwa mtoto wa mbwa, 5 zinatosha. Mwaga vidonge kina cha sentimita 3. Dume anayeinua mguu anahitaji kuta ndefu pande tatu. Maranda ya seremala ni rahisi, ila hunasa kwenye manyoya na kusambaa nyumba nzima.

Cha pili, nyasi bandia juu ya trei yenye matundu. Nunua vipande viwili: kimoja kikitumika, kingine kioshwe na kuanikwa juani. Osha kwa siki na maji nusu kwa nusu. Epuka sabuni yenye amonia, maana kwa mbwa inanuka kama mkojo. Ikiwa roshani yako imetandikwa nyasi bandia, achana nayo kabisa. Ataiona yote kuwa choo.

Pedi, yaani kitandiko chepesi cha kunyonya mkojo, ni ya tatu. Inafaa wiki za mwanzo, lakini ni laini kama zulia la bafuni, na watoto huichana. Inunue pamoja na fremu ya kuibana.

Mchanga wa paka unaoganda usinunue. Mbwa huula, nao ukivimba unaweza kuziba utumbo.

Beseni likae mbali na bakuli la chakula. Mpeleke kila anapoamka, akimaliza kucheza, na dakika 15 hadi 30 baada ya kula. Mpe kitafunio angali ndani ya beseni. Ukichelewa hata nusu dakika hataelewa anasifiwa nini. Unaposafisha, bakiza vidonge vichache vilivyolowa, harufu imwongoze. Akikosea usimsugue pua: atajifunza kujificha nyuma ya kochi.