Golf GTI ama Golf R: ukiwa Nakuru ama Kisumu, chukua gani?

Nianze na jibu kabisa, juu najua kuna mtu anasoma hii na broka anampigia simu kila saa akimwambia kuna mteja mwingine njiani. Kama unakaa huku kwetu, Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega, na gari ni moja tu, ya kazi na ya raha, chukua Volkswagen Golf GTI ya Mk7.5 (Mk ni kizazi cha Golf, na 7.5 ni kile cha saba kilichoboreshwa), ile Performance ya farasi 245. Namba mbili ni Golf R ya Mk7.5. Namba tatu ni GTI ya Mk7 yenyewe, ya farasi 220. Mk8 naiweka mwisho, sababu inakuja.

Mimi naendesha GTI, shemeji yangu wa Kisumu ana R, na tumebadilishana funguo mara nyingi tukipitia Kericho, kwa hivyo haya si maneno ya kuambiwa. Na naipenda hio R sana.

Kwa makaratasi R inashinda, hakuna ubishi. Injini ni ya familia moja, EA888 ya lita 2.0 na turbo, lakini GTI Performance inatoa farasi 245 na Nm 370 za mvuto (torque) zote zikienda taya za mbele, inafika 100 kwa sekunde kama 6.2, halafu R ya DSG, yaani gia otomatiki ya Volkswagen, inatoa farasi 310 na Nm 400 kwa taya zote nne na inafika 100 kwa sekunde 4.6. Sekunde moja na nusu ni kitu kikubwa ukiwa unaovateki lori pale Londiani na unataka kurudi kwa leni yako haraka. Zote mbili pia hazichoki na mwinuko vile gari isiyo na turbo huchoka: Kisumu iko mita kama 1,100 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Timboroa inapita 2,700, na huko juu hewa ni nyepesi mpaka gari ya kawaida ya lita 2.0 unaskia imepoteza karibu robo ya nguvu, lakini turbo inajaza hio hewa yenyewe. Ukipanda Mau na GTI ama R utacheka tu.

Sasa kwa nini naweka GTI mbele? Barabara, na mfuko.

R imekaa chini kuliko GTI kwa milimita 5. Unaweza sema milimita 5 ni nini, lakini GTI yenyewe tayari iko chini ya Golf ya kawaida kwa milimita 15, na matuta yetu hayajengwi na kipimo, kila kijiji kina lake, mengine hayana rangi wala alama na unayaona ukiwa umeshafika. Shida kubwa zaidi ni rimu. R nyingi zinakuja na rimu za inchi 19 na taya za 235/35, mpira ni mwembamba kama mkanda. Shemeji aliingia shimo moja karibu na Awasi usiku, mvua imejaza maji huwezi jua kina, rimu ikapinda na taya ikapasuka ubavu, na kwa sababu R inasukuma taya zote nne hawezi weka taya moja mpya na tatu zimekwisha, zinafaa kulingana la sivyo unachosha mfumo wa four-wheel. Akanunua nne. GTI yangu nimeitoa kwa 18 nikaweka 17 na taya za 225/45, nakaa bila wasiwasi, na hata uti wa mgongo unashukuru. R pia unaweza shusha mpaka 18, na ukinunua nakuomba ufanye hivyo wiki ya kwanza.

Mvua ndio mahali R inajitetea vizuri. Kericho mvua ni karibu kila alasiri, na ukitoka Ahero kupanda na GTI ya kawaida, ukikanyaga ikiwa gia ya pili kwa kona iliyolowa, taya za mbele zinateleza na stelingi inavuta mkono. Ndio maana nasema Performance, si GTI yoyote tu: hio ina diferensho ya mbele inayofunga kwa umeme, kwa kona inapeleka nguvu kwa taya iliyoshika, na tofauti unaiskia siku ya kwanza. Lakini kumbuka four-wheel inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Breki za mbele za GTI Performance na za R ni saizi moja, diski za milimita 340, na R ni nzito kwa karibu kilo 100. Ukiteremka Sachangwan kuelekea Salgaa na malori yako mbele na nyuma yako, hakuna gari kati ya hizi mbili itakuokoa kama umeingia na spidi. Tumezika watu wengi sana hapo, tafadhali.

Mfuko sasa. Ushuru unahesabiwa kwa thamani ya gari, kwa hivyo hata kama zote ni lita 2.0, R inalipiwa zaidi kwa sababu bei yake mpya ilikuwa juu. Halafu kuna Haldex, hio mashine ya nyuma inayounganisha taya za nyuma. Oili yake inabadilishwa kila miaka 3, na ndani ya pampu kuna kichujio kidogo ambacho mafundi wengi hawakiguzi, wanamwaga oili tu wanafunga. Kichujio kikiziba pampu inaungua na R yako inabaki gari ya taya mbili za mbele bila hata taa kuwaka, unaweza kaa mwaka hujui. Shemeji alilipia hio sevisi kwa gereji moja, tulipofungua sisi wenyewe kichujio kilikuwa kimejaa tope jeusi. Kwa hivyo ukienda kuona R, tafuta murram, simama, kanyaga. Taya za mbele zikizunguka zikirusha mawe na nyuma imelala, Haldex imekufa. Bei ishuke ama uondoke.

Tena buti ya R ni lita 343, ya GTI 380, juu diferensho ya nyuma imekula nafasi. Kama unabeba viazi vya mama kutoka Molo utaiona hio tofauti.

Kitu kingine, na hapa naongea kwa uchungu kidogo: si kila Golf yenye herufi R ni R. R-Line ni bampa na badji tu, ndani unaweza pata injini ya 1.2 ama 1.4, na nimeona moja Nakuru ikiuzwa na kijana ameandika "Golf R" na picha kali. R ya ukweli ina mabomba manne ya mviringo nyuma, lakini mabomba yananunuliwa, kwa hivyo inama uangalie chini: lazima kuwe na propela shafti inayoenda nyuma na diferensho pale. Hakuna propela, hakuna R. Na zile R za Mk7 za kwanza zilizouzwa Japani zilikuwa za farasi 280, si 300 za Ulaya, usishtuke wala usilipie 300.

Japani ama Uingereza? Ya Japani omba karatasi ya mnada, ikiwa imeandikwa gredi R ama RA hio iligongwa ikarekebishwa. Ya Uingereza angalia kutu chini juu huko wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na ujue odo inasoma maili, 60,000 hapo ni karibu kilomita 97,000. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, Mk7 ya farasi 220 utaipata tu kwa mtu aliye nayo hapa tayari. Si mbaya, bei ni nzuri, mradi DSG yake ya gia 6 imebadilishwa oili na filta kila kilomita 60,000 na kuna risiti. Bila risiti, hesabu kwamba haijafanywa.

Mk8 ni gari kali, R yake ina farasi 320 na nyuma inagawa nguvu kushoto na kulia. Lakini joto na sauti unarekebisha kwa kuguza ukanda ulio chini ya skrini, na huo ukanda hauwaki usiku, na kwa barabara yenye mashimo kidole hakitulii. Bei nayo bado iko mbali na sisi.

Mafuta: kiwandani wanapendekeza R inywe oktani 98, GTI inatosheka na 95, kwa hivyo ukiwa na R jizoeshe kutafuta mafuta ya oktani ya juu kabisa utakayopata.

Ukishachagua, nenda uione asubuhi mwenyewe akiwa hajaiwasha, injini baridi. Fungua boneti, chukua tochi ya simu, mulika mbele ya injini chini ya manifodi ya kuingiza hewa pale nyumba ya thermostati na pampu ya maji ilipo, ni ya plastiki na injini hizi zinajulikana kuvujia hapo. Ukiona madoa makavu ya rangi ya waridi, hio ni maji ya rejeta yameanza kutoka, na kazi ya kuibadilisha ikatwe kwa bei kabla hujatoa hata shilingi.